Kioo cha Mnara wa El-Korsa

Waliohudhuria kikao cha saba cha Kamati ya Mnara, Hifadhi ya Jangwa la El-Korsa, Jumanne, saa tatu asubuhi:

Dkt. Nyongesa Khisa, Mwenyekiti.
Bi. Nkatha Rintari, Meneja wa Wageni.
Bw. Sawe Kiptalam, Mtaalamu wa Takwimu.
Msanifu Mshai Kilelu, mbunifu wa mnara na mvumbuzi wa kioo.
Bw. Okumbe Rading', Katibu.

Hawakufika, ingawa walialikwa: wawakilishi wa wafugaji wa visima.

Bw. Okumbe aliisoma orodha hiyo kwa sauti, akimsubiri kila mmoja aitike, ingawa walikuwa watano tu kuizunguka meza ya watu thelathini. Mshai Kilelu aliitika wa mwisho. Alikuwa amefanya kazi na kamati katika nchi tisa, na alikuwa amezipanga kichwani mwake kama mwalimu anavyowapanga wanafunzi baada ya mtihani. Hii aliiweka mkiani. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa falsafa ambaye hakuna aliyejua alifaulu katika falsafa gani. Mtaalamu wake wa takwimu aliamini kila kitu isipokuwa kilichokuwa mbele ya macho yake. Na Meneja wa Wageni alilitaja jangwa kama mwuza nguo anavyolitaja gauni: limekaa vizuri hapa, limebana pale.

"Wafugaji hawakufika kwa mara ya tatu," alisema Dkt. Khisa, akitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu ambaye hakuhuzunika. "Iandikwe hivyo, Katibu."

"Watu wale hawajui saa," alisema Bi. Nkatha.

"Wanajua jua," alisema Bw. Okumbe kwa sauti ya chini, kisha akaandika.

Kwa mbali ilisikika sauti nyembamba ya mbao zikigonganagongana, kama kengele za ngamia. Mshai aliinua uso.

"Ni mtambo wa hewa," alisema Bw. Sawe. "Una kasoro tangu jana."

Mbele yao ukuta wote wa mashariki ulikuwa kioo kimoja, sampuli ya kile kilichokusudiwa kuwekwa mnarani. Kupitia kioo hicho jangwa lilionekana jeupe na tupu hadi lilipokutana na mbingu. Hapakuwa na hata mti. Mwenyekiti alipenda kusimama hapo akiwa na kikombe mkononi, miguu ameitanua, kama kwamba jangwa lilikuwa limeomba kazi kwake.

Mfano wa mnara ulisimama katikati ya meza, urefu wa mkono: nguzo tatu za chumvi iliyoyeyushwa na kugandishwa, zilizosukwa kama ukili, zikibeba chumba cha duara cha vioo vitupu. Mnara wenyewe ungekuwa na mita tisini. Ungejipinda kidogo kidogo siku nzima, ili kivuli chake kisitulie mahali pamoja na kuwazoesha wanyama vibaya. Hilo Mshai alilifikiria peke yake kwa miaka miwili, na hapana mtu katika meza ile aliyewahi kumwuliza linafanyikaje.

Walichokiuliza ni kioo. Kila kipande cha kioo cha Kilelu kilikuwa na macho milioni, madogo kuliko chembe ya unga. Macho hayo yalitambua kila umbo lililopita nje, na umbo likiwa katika orodha ya vitu vya kufutwa, kioo kililifunika kwa sura ya kilichokuwa nyuma yake, upesi kuliko kope kupepesa. Mshai alikivumbua kwa hasira dhidi ya mifuko ya plastiki. Siku hizi minara kumi na saba duniani ilikitumia, na kanuni ileile ilisafisha pia picha za setilaiti. Orodha ya vya kufutwa aliipanga mteja. Mvumbuzi alitia sahihi tu.

"Leo," alisema Mwenyekiti, "tuna jambo moja. Saa sita kamili Msanifu atatia muhuri hati ya eneo tupu. Kuanzia dakika hiyo, kwa sheria, ndani ya kilomita kumi za mnara hakutakuwa na mtu wala mfugo. Visima vyote vitafungwa. Mgeni atapanda juu na kuliona jangwa kama lilivyoumbwa."

"Lisiloguswa," aliongeza Bi. Nkatha.

"Kabla ya muhuri nina swali," alisema Mshai. "Mahali mlipochagua. Kwa nini hapo?"

Bw. Sawe alifurahi kama mtoto aliyeulizwa jina lake. Akawasha picha juu ya meza. "Miaka kumi na moja ya picha, Bi. Msanifu, zilizosafishwa kwa kanuni yako mwenyewe na orodha yetu. Tazama. Kila siku ya nne, saa kumi na moja jioni, maji hutokea hapa. Yenyewe! Kisha wanaingia choroa, halafu punda milia, halafu mbuni. Kila siku ya nne. Hawajakosa."

"Chemchemi inayopumua," alisema Dkt. Khisa. Jina hilo alilibuni yeye, na kila alipolitaja alinyamaza kidogo ili walisikie vizuri.

"Nimesoma ripoti ya wachimbaji wa msingi," alisema Mshai. "Wameshuka mita sitini. Hapana chemchemi inayofika juu. Kuna maji chini sana, basi."

"Pengine hupanda kwa mpasuko."

"Na mpasuko huo unajua kuhesabu siku nne?"

"Maumbile yana maajabu yake," alisema Mwenyekiti.

Mshai aliisogeza picha karibu. Alipenda mpangilio, na mpangilio ulikuwa umemzoeza kuuona mahali usipotarajiwa. Dimbwi lile lilikuwa na pembe nne. Urefu wake ulikuwa mara sita ya upana. "Maji haya yana umbo la mstatili," alisema.

Wote watatu walilitazama dimbwi kwa makini makubwa, jinsi watu wanavyoitazama saa iliyosimama.

"Ni mwamba," alisema Bw. Sawe mwishowe. "Miamba mingine huvunjika hivyo."

Mshai aliirudisha picha mahali pake. Kumfundisha mtu aliyeshika cheti ni kazi ya shule nyingine, alijiambia. Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai.

*

Jikoni hapakuwa na kioo chochote cha Kilelu. Palikuwa na mlango wa bati uliofunguka nje, nao ulikuwa wazi. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye shuka la rangi ya kahawia, alikuwa akimimina maziwa ya ngamia kutoka chombo kilichosukwa kwa mizizi hadi kwenye sufuria. Hakugeuka Mshai alipoingia na kikombe chake.

"Wewe ndiye mjenzi wa ngazi?" aliuliza.

"Ya mnara. Naitwa Mshai Kilelu."

"Kabale Tullu. Nauza maziwa hapa kila asubuhi, lakini hiyo si kazi yangu. Mimi ndiye mpanga zamu wa visima." Sasa aligeuka na kumtazama juu mpaka chini. "Nilidhani utakuwa mkubwa zaidi. Mtu anayejenga kitu kirefu namna ile."

Mshai alicheka, bila kutaka. "Mpanga zamu ni nani?"

"Ni anayesema nani anywe leo na nani kesho. Visima vyetu ni virefu, mama. Watu kumi na wanne wanasimama ndani, mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo za ngozi huku wanaimba ili mkono usipotee. Kila boma lina siku yake. Siku ya nne ni ya kisima cha El-Korsa."

Mshai aliweka kikombe chini taratibu. "Siku ya nne."

"Ngamia wakishakunywa, naamuru hori la kunyweshea lijazwe tena mara moja. Halafu sote tunaondoka, tunakwenda nyuma ya kile kilima, hata mbwa. Hilo ni fungu la wasiosema. Choroa ndio wa kwanza, wana haraka na hawana adabu. Boma likiacha hori tupu, zamu yake inayofuata linaikosa. Mimi ndiye ninayelikosesha, na baba yangu mzazi nilimkosesha mwaka juzi. Alininunia mwezi mzima."

Hori. Urefu mara sita ya upana. Mshai alihisi joto likimpanda shingoni, na halikuwa joto la jiko.

"Kwa nini hamkuja kuwaeleza?" aliuliza. "Mmealikwa mara tatu."

Kabale alimtazama kama mtu aliyetukanwa, kisha akaona kwamba hakutukanwa, na hilo likamshangaza zaidi. "Hatukuja? Mama, tuko hapa tangu jana saa kumi na moja asubuhi. Njoo."

Akamshika mkono wa nguo, akamtoa nje, wakazunguka pembe ya nyumba.

Walikuwa watu arobaini au zaidi, na ngamia wao wamelala, kengele za mbao shingoni. Walikaa hatua thelathini kutoka ukuta wa mashariki, wakiutazama ukuta huo kwa subira. Walikuwa wametandika ngozi na kupika chai. Wanawake wawili walikuwa wakisuka kamba. Mbele yao, kwa ndani ya kioo, Dkt. Khisa alionekana wazi akiwa na kikombe chake, miguu ameitanua, akitazama katikati yao bila kuona hata kofia.

"Mlango wa mbele umefungwa," alisema Kabale. "Nyinyi mnashukia juu ya paa kama kunguru. Jikoni mpishi ananiruhusu mimi na chombo changu, basi. Nilimpa Katibu ujumbe, akasema amemwambia Mwenyekiti, na Mwenyekiti alichungulia akasema hakuna mtu. Kwa hiyo tumekaa mbele ya dirisha. Tumepunga mikono. Ndugu yangu Galgalo amecheza ngoma nzima. Hakuna."

"Hawawaoni," alisema Mshai.

"Jana jioni tulidhani mambo yamekwenda vizuri. Huyo mzee alikuja dirishani akatuinamia. Taratibu, kwa heshima. Mara sita! Sisi tukasimama wote, tukamwinamia pia. Galgalo akasema, kumbe ni mtu. Halafu akajikuna tumbo akaenda zake. Wazee wamejadili usiku kucha maana yake ni nini."

Mshai alijua maana yake. Mwenyekiti alikuwa akijizoeza kuinama kwa siku ya uzinduzi.

Alitoa kibao chake cha kazi mfukoni, akaufungua mkataba, akatafuta Kiambatisho cha Nne. Hakuwahi kukisoma. Orodha zilizoandikwa na watu wa namna ile, alikuwa akijiambia kila mara, hazistahili macho yake. Sasa alikisoma akiwa amesimama juani. Mifuko. Nguzo za umeme. Alama za magurudumu. Moshi. Mifugo ya kila aina. Mashimo na mahori. Watu wote wasiovaa beji ya mgeni. Chini kabisa, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma vizuri, kulikuwa na sahihi yake.

Kanuni yake ilikuwa imewatoa hawa katika kila picha ya miaka kumi na moja, wao na ngamia wao na hori lao, ikayaacha maji. Kisha watu wenye vyeti wakakusanyika kuyastaajabia maji yaliyojileta yenyewe. Aliwacheka asubuhi nzima. Kumbe kamati ya mwisho darasani ilikuwa na mwanafunzi wa tano, yeye mwenyewe, na huyo ndiye aliyeuza kitabu.

"Wakifunga kisima," alisema, "wanaweza kuweka mashine. Ya kuvuta maji na kujaza hori siku ya nne. Inawezekana, Kabale. Sitakudanganya. Choroa hawatajua tofauti."

"Najua inawezekana. Hata kukushikia mtoto mashine inaweza." Kabale alifunga mdomo wa chombo chake. "Choroa watakunywa, vizuri. Mimi sikukuuliza choroa. Nakuuliza sisi. Kisima kinachofuata kiko mwendo wa siku tatu, na kina wenyewe, na ngamia wenye mimba hawafiki. Tutakunywa wapi?"

Mshai alirudi ndani, akakitia kibao katika mkoba wake.

*

Saa tano na nusu aliwaeleza. Alieleza kwa utaratibu, kama somo: hori, zamu, fungu, kanuni, orodha. Alipomaliza, Bw. Sawe alikuwa amefungua mdomo, akihesabu kimya miaka kumi na moja ya kazi yake. Bi. Nkatha hakushtuka hata kidogo.

"Orodha niliiandika mimi," alisema. "Mgeni hasafiri nusu ya dunia kuja kuona mtu akifua shuka. Nilijua kuna watu. Sikujua kuhusu hori, hilo nakubali, na ni zuri. Linasaidia."

"Linasaidia?"

"Tunajua sasa maji yanatoka wapi. Bw. Sawe, mashine ya kujaza hori inawezekana?"

Bw. Sawe alishukuru kupata swali lenye jibu. "Inawezekana. Chini ya ardhi, haitaonekana. Siku ya nne, saa kumi na moja. Kwa usahihi kuliko wao."

"Basi tumetatua," alisema Dkt. Khisa, akaipapasa meza kwa kiganja kama mgongo wa farasi. "Wanyama hawapotezi chochote. Mnara haupotezi chochote. Na kwa heshima ya hao jamaa, tunaweza kuweka picha yao katika ukumbi wa chini, na maelezo mafupi. Bi. Msanifu, hujaona jambo lililokaa vizuri kama hili."

Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mshai alilipitia mara mbili kichwani, akitafuta kosa la hesabu, hakuliona. Mashine ingefanya kazi. Choroa wangekuja, hawana adabu. Nguzo zake tatu za chumvi zingesimama na kujipinda na jua, na jina lake lingebaki chini yake kwa miaka mia mbili. Wangekosekana watu arobaini tu na wale walio nyuma yao mabomani, nao katika karatasi zote zilizokuwa juu ya meza hawakuwahi kuwapo. Kuwaondoa watu ambao tayari umewafuta hakukuhitaji ukatili. Kulihitaji muhuri, na muhuri ulikuwa katika mkoba wake.

Na kama asingetia? Wangemwita msanifu mwingine. Wapo wengi, na wengi wao hawasomi viambatisho.

Aliwatazama mmoja mmoja. Dharau yake kwao ilikuwa palepale, nzima. Hakuona sababu ya kuipunguza. Ila sasa ilimbidi aitandaze zaidi, ifike mpaka kwenye kiti chake mwenyewe, na ilitosha.

"Saa sita kasoro dakika kumi," alisema Mwenyekiti. "Muhuri, tafadhali."

Mshai alifungua mkoba. Alichokitoa hakikuwa muhuri, bali kibao chake cha kazi. Katika kila kioo cha Kilelu duniani kulikuwa na mlango mmoja wa mvumbuzi, kwa ajili ya hatari: moto, ajali, mtu aliyepotea asiyeonekana. Mikataba yote kumi na saba iliupiga marufuku kutumiwa kwa jambo lingine, na mvunjaji angenyang'anywa leseni. Hapakuwa na mlango wa kioo kimoja kimoja. Ulifungua vyote au haukufungua.

Aliweka kidole gumba.

Kwa muda wa pumzi moja hakuna kilichobadilika. Kisha ukuta wa mashariki ukatetemeka kama maji yaliyoguswa, na jangwa lisiloguswa likajaa watu. Ngamia walitokea kwanza, midomo ikitafuna. Halafu birika la chai na moshi wake, kamba zilizosukwa nusu, magoti, nyuso. Kijana mmoja mwembamba, bila shaka Galgalo, alikuwa amesimama karibu kabisa na kioo, akitazama ndani kwa mikono iliyokinga macho. Aliona kwamba sasa macho ya Mwenyekiti yalikuwa yakimtazama. Akarudi hatua mbili, akajiweka sawa shuka, akainama taratibu, kwa heshima, mara moja.

Dkt. Khisa, ambaye alikuwa na kikombe mkononi, alianza kuinama bila kujua, akamwaga chai juu ya kiatu.

"Zima!" alisema Bi. Nkatha. "Mshai, unafahamu umefanya nini? Kuna wageni katika minara yote hiyo sasa hivi!"

"Nafahamu. Nao sasa wanaona walichokuja kukiona, pamoja na kilichokuwapo." Alisimama. Aliweka mikono yote miwili juu ya mfano wa mnara. "Bw. Okumbe, una kalamu?"

"Ninayo, Bi. Msanifu," alisema Katibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliketi wima.

"Basi andika, na mimi nitasema polepole. Kwanza, rekebisha mahudhurio: wawakilishi wa wafugaji wa visima walifika jana, saa kumi na moja asubuhi, kabla yetu sote. Pili, orodha ya vya kufutwa nimeiondoa katika vioo vyote nilivyotengeneza, na sitairudisha. Leseni yangu wataichukua, nayo niko tayari kuitoa. Tatu, hati ya eneo tupu sitaitia muhuri, na mchoro wa mnara huu nauondoa mezani. Mkimpata mwingine wa kuuchora upya, atakuwa akiwatazama hawa usoni wakati anachora, na nyinyi pia. Nne, fungua mlango wa mbele, waingie. Viti vipo ishirini na vitano vitupu. Wengine wetu tutasimama."